Kompyuta Ndogo ya Bei Nafuu: Neema au Hasara?

  



Katika toleo hili tumeona tuzungumzie jambo ambalo wazazi hutuuliza kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka. Wanauliza: je, tumnunulie kijana ile kompyuta mpakato ndogo ya bei nafuu? Tunakusudia ile laptopu yenye kioo cha inchi 10 au 11, nyepesi, ambayo siku hizi imejaa madukani, mpya na iliyotumika. Wapo wanaosema ni neema kwa mtoto wa maskini. Wapo wanaosema ni kutupa pesa baharini. Sisi tunaona kila upande umeshika ukweli nusu.

Tunaandika pia kwa sababu tuna deni.

Miaka miwili iliyopita, baada ya sala ya alasiri, alitujia mama mmoja, mzazi wa mwanafunzi wetu wa zamani. Siku ile alikuwa amepokea zamu yake ya upatu. Mama huyu huamka kabla ya adhana ya alfajiri kukaanga maandazi na vitumbua, na kila aliyewahi kupita barazani kwake analijua jasho la pesa ile. Akafungua pindo la khanga, akatoa kikaratasi cha dukani kilichoandikwa bei, akasema: "Maalim, kijana amepata chuo, anataka kompyuta. Hii naiweza. Ninunue?" Tukatazama kikaratasi, tukaona shilingi laki tatu na nusu, tukasema: "Nunua, mama. Ni kheri hiyo." Hatukumuuliza kijana anakwenda kusomea nini.

Kijana alikwenda kusomea ujenzi. Muhula wa kwanza kompyuta ilimtosha, maana alikuwa anaandika kazi za darasani tu. Muhula wa pili wakaanza kuchora ramani za majengo kwa kompyuta, na programu ya kazi ile inataka kumbukumbu ya kufanyia kazi, ambayo mafundi huiita ramu, ya gigabaiti 8 na zaidi. Yake ilikuwa na 4. Tena hifadhi yake ya gigabaiti 32 ilikwisha kujaa, na kila siku ilikuwa ikimdai nafasi ya masasisho ya Windows. Akaipeleka kwa fundi, fundi akamwambia humo ndani hakuna cha kuongeza, kila kitu kimeunganishwa moja kwa moja. Kijana akarudi kupanga foleni kwenye chumba cha kompyuta cha chuo, na mama yake akaanza kudunduliza upya.

Mama yule hakutulaumu. Aliendelea kutusalimia kwa uso mkunjufu kama kawaida yake, na hilo ndilo lililotuumiza zaidi. Tunawafundisha watoto kwamba anayeombwa ushauri amewekewa amana. Sisi amana ile tuliijibu kwa haraka. Basi haya tunayoyaandika ndiyo tuliyopaswa kumwambia mama yule siku ile.

Zimetoka wapi kompyuta hizi?

Mwaka 2005 Bwana Nicholas Negroponte, mwalimu wa chuo kikuu cha MIT cha Marekani, alitangaza mpango wa kutengeneza kompyuta ya mtoto kwa dola 100. Ilipotoka mwaka 2007 bei yake ilikaribia dola 200. Ilikuwa ndogo, ngumu, haili umeme mwingi, na kioo chake kilisomeka hata juani. Nchi kadhaa ziliinunua, na jirani zetu wa Rwanda waliwagawia watoto wa shule zaidi ya laki moja.

Mwaka huo huo wa 2007 kampuni ya Asus ya Taiwan ilitoa kompyuta iliyoitwa Eee PC. Kioo chake kilikuwa inchi 7, uzito wake haukufika kilo moja, na hifadhi yake ilikuwa gigabaiti 4. Watu waliipenda, na kampuni nyingine zikaiga. Lakini baadaye kompyuta bapa na simu kubwa zikaja kuchukua wateja, na kufikia mwaka 2013 zile ndogo za mtindo ule zilikuwa zimeachwa kutengenezwa. Zinazouzwa leo ni wajukuu wake: zina kioo kikubwa kidogo na prosesa bora zaidi, lakini tabia ni ile ile. Zimefanywa rahisi kwa kupunguziwa vitu, si kwa miujiza.

Lipo somo katika habari ya zile za dola 100. Nchi ya Peru ilinunua nyingi kuliko wengi, na mwaka 2012 ulitoka utafiti juu ya shule zake za vijijini. Watafiti waliona nafuu kidogo katika baadhi ya vipimo vya kufikiri, lakini katika mitihani ya hisabati na lugha hawakuona tofauti baina ya watoto waliopewa kompyuta na wasiopewa. Kwa hiyo mzazi asidhani kwamba akishanunua, elimu imekwisha kuingia nyumbani. Kilichoingia ni chombo. Elimu bado inamtaka mwalimu, muda na bidii.

Ubora wake

Kwanza, ni bei. Kwa familia nyingi za madrasa yetu swali si kuchagua baina ya kompyuta ndogo na kubwa. Swali ni ndogo au hakuna kabisa. Mtoto anayejifunza kuandika kwa kibodi nyumbani hatakwenda chuoni akiwa anatafuta herufi kwa kidole kimoja. Siku hizi maombi ya vyuo na ya mikopo ya elimu ya juu hufanywa kwa mtandao, na asiyejua hulipa stesheneri kwa kila ukurasa, tena wakati mwingine hujaziwa makosa.

Pili, ni umeme. Prosesa zake hazili umeme mwingi, na nyingi hazina hata feni ndani. Ikiwa betri ni nzima, mwanafunzi anaweza kufanya kazi saa kadhaa umeme ukiwa umekatika. Baadhi ya zile mpya huchajiwa kwa waya wa aina ile ile ya simu, na hilo ni nafuu kubwa kwa nyumba zinazotegemea sola.

Tatu, ni nyepesi. Mtoto huitia mkobani pamoja na msahafu na madaftari, akatoka shule akaja madrasa bila kuumia bega.

Nne, inatosha kwa kazi za kawaida za mwanafunzi: kuandika, kusoma vitabu, kupiga hesabu za majedwali, kutafuta habari na kusikiliza tilawa. Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri alirekodi Qur'ani nzima kwa murattal mwaka 1961. Sauti ile wazee wetu waliifuata kwenye redio na kaseti. Leo msomaji wa hifdhi anaweza kuiweka yote ndani ya kompyuta ndogo kabisa, akairudia aya moja mara ishirini, kisha akaja asubuhi kumsomea ustadh wake. Tunasema akaja kumsomea ustadh, maana kompyuta itamsikilizisha, lakini haitaona ulimi wake umekaa wapi anapoitamka dhadi.

Tano, haichezi magemu mazito. Vijana watalihesabu hili katika udhaifu. Wazazi wengi, tunaamini, watalihesabu katika ubora.

Udhaifu wake

Kwanza, ni hifadhi. Gigabaiti 32 zikishawekwa Windows hubaki chache, na masasisho huzimaliza. Windows 11 yenyewe inataka hifadhi isiyopungua gigabaiti 64 na ramu isiyopungua 4, na hicho ni kiwango cha chini kabisa, si cha kufanyia kazi kwa raha. Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo ukiuziwa kompyuta ambayo haiwezi kupanda zaidi ya hapo, ujue umenunua mlango ambao komeo lake halitengenezwi tena. Mwanafunzi wa Kiarabu anayetaka kuweka Maktaba Shamila, yenye maelfu ya vitabu vya wanazuoni, naye ataona nafasi inambana upesi.

Pili, haitengenezeki. Katika nyingi ya kompyuta hizi ramu na hifadhi vimeunganishwa kwenye ubao wenyewe. Ulichonunua ndicho utakachobaki nacho mpaka mwisho. Hili ndilo lililomkuta kijana wetu.

Tatu, ni uzito wa mwendo. Ukifungua kurasa tano za mtandao na barua unayoandika, huanza kukokota. Mwenye subira ataweza. Asiye nayo ataishia kuifunga na kurudi kwenye simu.

Nne, ni kioo na kibodi. Kusoma kwa saa nyingi kwenye inchi 11 huchosha macho, hasa maandishi ya Kiarabu yenye irabu, ambayo fat-ha na kasra zake huwa ndogo kama punje za ufuta.

Tano, ni zile ziitwazo Chromebook, zinazotumia mfumo wa Google na zilizoanza kuuzwa mwaka 2011. Nyingi zinazofika madukani kwetu zilitumika mashuleni ng'ambo. Ni imara na hazisumbuliwi sana na virusi, lakini hutegemea intaneti kwa mambo mengi, na intaneti kwetu ni bando. Tena zina tarehe ya mwisho ya kupata masasisho. Mwaka 2023 Google ilitangaza kwamba itazihudumia kwa miaka 10, lakini hesabu huanza pale aina ile ya kompyuta ilipotoka, si siku wewe ulipoitoa dukani. Tarehe hiyo imo katika mipangilio ya kompyuta yenyewe, sehemu ya maelezo ya mfumo. Mwambie muuzaji akufungulie uione kabla ya kulipa. Akikataa, shika njia.

Sita, udogo wake wenyewe ni mtihani. Kompyuta kubwa huonekana. Hii huingia chini ya shuka. Tunawaomba wazazi waweke utaratibu tangu siku ya kwanza: kompyuta hukaa sebuleni, hutumiwa penye watu, na usiku hulala chumbani kwa mzazi. Si kwa sababu tunawadhania vijana vibaya. Hata sisi walimu tunaona jinsi kioo kinavyoweza kula muda mpaka isha ikachelewa.

Vipi ile kubwa ya zamani?

Kwa bei hiyo hiyo mara nyingi hupatikana kompyuta mpakato kubwa iliyotumika maofisini miaka kadhaa. Wengi huipita kwa kuwa ni nzito na imechubuka. Lakini nyingi kati ya hizo hufunguka: ramu huongezwa, hifadhi hubadilishwa, kibodi hupatikana kwa mafundi. Udhaifu wake ni betri iliyochoka na uzito wa kubeba. Kijana anayekwenda kusomea ujenzi, uchoraji au utengenezaji wa picha za video ni bora avumilie uzito ule. Aghalabu hata hiyo itahitaji kuongezwa kitu, lakini angalau inaongezeka. Mtoto wa sekondari anayejifunza kuandika na kusoma, ile ndogo inamtosha.

Nasaha zetu

Hadithi ya nia ni katika za mwanzo tunazowahifadhisha watoto wetu, lakini tunapofika dukani tunaiacha mlangoni. Tunaulizana bei, rangi na ukubwa, hatuulizani kazi. Kabla ya kununua, mzazi akae na mwanae, waandike kwenye karatasi kazi tatu ambazo kompyuta itafanya mwaka huu na mwaka ujao. Kama anakwenda chuo, aulize chuoni wanatumia programu gani, na programu hiyo inataka kompyuta ya kiasi gani. Aende dukani na karatasi hiyo, si na kikaratasi cha bei peke yake.

Akiwa dukani, asikubali chini ya ramu ya gigabaiti 4 na hifadhi ya gigabaiti 64, na akipata 8 na 128 ashukuru. Aiwashe na kuitumia walau nusu saa bila chaja, aone betri inashukaje. Aandike herufi zote za kibodi. Achomeke flashi kila tundu. Aombe risiti na muda wa dhamana kwa maandishi, maana maneno ya dukani hupeperuka.

Jambo jingine ni la halali na haramu. Wengi wetu huwekewa na mafundi programu za wizi, tukaona ni kawaida. Programu ile ina mwenyewe, na kuichukua bila idhini yake hakuwi halali kwa sababu fundi ametoza shilingi elfu kumi. Zaidi ya hayo, virusi vingi huingia kwa njia hiyo. Zipo programu nzuri zinazotolewa bure kwa ridhaa ya wenyewe, kama LibreOffice ya kuandikia, na mfumo wa Linux ambao una aina nyepesi zinazokwenda vizuri kwenye kompyuta dhaifu kuliko Windows. Vijana wetu wajifunze hizo, maana zitawapa ujuzi na usalama wa dini kwa pamoja.

Wapo wazee wanaoona kwamba vyombo hivi havina nafasi katika madrasa. Tunawaheshimu, na hofu yao si ya bure. Lakini tukumbuke kwamba Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, katika zama za ukoloni, hakuukimbia mtambo wa kuchapa. Aliutumia, na mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah kuwazindua Waislamu wa pwani. Naye alikitafuta chombo akiwa amekwisha kuijua kazi yake.

Upande wa pili tunawaambia vijana: kutafuta neno ndani ya Maktaba Shamila si kusoma kitabu. Kompyuta itakupa mahali neno lilipo kwa nukta moja, lakini haitakuambia mwanachuoni alikusudia nini, wala nani alimjibu. Hilo linataka kukaa chini mbele ya mwalimu, kama walivyokaa waliotutangulia.

Tumalizie kwa ile kompyuta ya mama yetu. Kijana alipoiacha, mama hakuiuza, kwa kuwa alipewa bei ya kumvunja moyo. Aliileta madrasa, na mmoja wa wanafunzi wetu wa zamani akaiondolea Windows, akaiwekea Linux nyepesi na LibreOffice. Sasa inatumiwa na binti yake mdogo aliye kidato cha pili. Huandikia muhtasari wa masomo yake, na magharibi husikilizia juzuu anayoihifadhi. Inamtosha kabisa. Kumbe kompyuta haikuwa mbaya. Ilipewa kazi isiyokuwa yake, na waliompa ni sisi kwa jibu letu la haraka. Kaka yake bado anapanga foleni chuoni, na deni hilo hatujalimaliza. Walimu tumeanza kuchangishana kidogo kidogo ili tumsaidie apate ile kubwa iliyotumika. Atakayependa kushiriki katika kheri hii atuone baada ya darasa la jioni.

Basi, mzazi, ukituuliza tena kama kompyuta ndogo ya bei nafuu ni neema au hasara, safari hii hatutakujibu upesi. Tutakuuliza kwanza: ya kazi gani?

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awazidishie watoto wetu elimu yenye manufaa, atie baraka katika jasho la wazazi wao, na atusamehe sisi tulipokosea. Amin.

Wabillahi taufiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.